Mkojo wanitoka nikikohoa tangu nijifungue, nifanyeje?

BintiLikoni: Asalaam aleikum. Mtoto wangu wa pili ana miezi mitano na tangu nimzae nikikohoa ama nikicheka sana mkojo watoka wenyewe, siwezi kuuzuia. Juzi nimeshuka feri napanda ule mwinuko na mtoto mgongoni, leso ikalowa chapa. Wifi yangu ashaanza kuniita kikojozi, na udhu ndo sina raha nao kabisa. Hospitali naona haya.

ShangaziMajengo: Pole mwanangu. Kikojozi ni anayekojoa kitandani usingizini, wewe umezaa! Mkanye huyo wifi.

MkungaMstaafu: Kwanza nambie, watoka ukikohoa tu ama wachuruzika mchana kutwa hata umekaa? Kama ni kikohozi, chafya, kubeba vizito, basi misuli ya chini ya nyonga imelegea kwa mimba na uzazi, na wengi wanayo ila hawasemi. Bana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka 10, achia, pumzika, rudia mara 10, kwa siku mara 3. Kuhesabu mpaka kumi kukikushinda anza na tatu. Matako yasikaze, pumzi usiizuie, na usifanye ukiwa wakojoa. Jipe miezi 3 hivi. Daktari Mmarekani Arnold Kegel aliyaandika haya tangu 1948, si maneno ya vibarazani. Maji usiache kunywa, punguza kahawa na chai, na choo kikiwa kigumu kitibu maana kule kujikamua kwazidi kulegeza. Lakini ukichuruzika muda wote yaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke kwa sababu ya uchungu uliokwama muda mrefu, hiyo mazoezi hayaizibi, ni upasuaji, nenda hospitali kuu pale Makadara, Mombasa, usingoje. Na ukiona damu ama mkojo wachoma pia nenda.

AbuSalim: Kuhusu swala dada, ukitokwa jisafishe, badilisha nguo, utawadhe upya. Ukiwa ni wa kutoka bila kukata, una udhuru: wajisafisha, waweka kitambaa, watawadha wakati ukishaingia, kila faradhi na udhu wake. Ustadhi wa mtaani kwenu atakueleza vizuri.

BintiLikoni: Ahsanteni sana wallahi. Ni nikikohoa tu. Mazoezi naweza kufanya nimesimama?

MkungaMstaafu: Waweza, ila anza umelala chali mpaka uijue misuli yenyewe. Na kikohozi kikija, bana kwanza ndo ukohoe.