"Sista, haina bilidi": fundi wa uchapaji ananiambia nini hapa?

MamaKadi_Moro:
Wakuu habari za jioni. Nina kadi za mchango wa harusi ya mdogo wangu, nakala 200, saizi ya A6. Nimezitengeneza mwenyewe kwenye Canva, ile programu ya kudizaini: zambarau imejaa kadi nzima, maua ya dhahabu kwenye kona. Nikamtumia fundi wa uchapaji, akajibu, "Sista, haina bilidi, weka milimita 3 kila upande." Kufungua kamusi ya Kiingereza, neno "bleed", nakuta habari za kutokwa damu! Nikamuuliza, akacheka kwa vikatuni vile, kimya mpaka kesho yake.

Nikaivuta dizaini nzima ikawa kubwa kidogo, nikatuma tena. Akasema, "Bado, na sasa maandishi yatakatwa." Kamati inakaa Jumamosi na kadi zinatakiwa zianze kugawiwa. Vipimo vyangu ni sahihi kabisa, kwa nini anazikataa?

Mzee_wa_Kisu:
Dada, hongera kwa harusi. Mimi nimekula chumvi kwenye mashine ya kukatia karatasi, kwa hiyo nakueleza nikiwa upande wa kisu.

Kadi yako haichapwi kwenye kikaratasi cha A6. Inachapwa kwenye karatasi kubwa, tuseme SRA3, milimita 320 kwa 450, kadi kadhaa pamoja, halafu rundo zima linawekwa chini ya kisu. Kisu kinashuka palepale kila mara. Karatasi ndiyo haitulii. Ikinyonya unyevu inatanuka, ikipita kwenye mashine inahama kidogo, rundo likibanwa za juu zinateleza. Sasa zambarau yako imeishia juu ya mstari wenyewe wa kukatia. Ikihama hata nusu milimita, kadi inatoka na uzi mweupe ukingoni. Kwenye kadi nyeupe hakuna anayejua. Kwenye zambarau, hata bibi asiye na miwani anauona.

Bilidi ni ile rangi unayoiachia ivuke mstari, ili kisu kikikosea kiwe bado ndani ya rangi. Inakatwa, inatupwa. Fundi cherehani akikupima kiuno hakati kitambaa kwa kipimo hichohicho, si ndiyo? A6 ni 105 kwa 148, kwa hiyo pamoja na bilidi tunategemea 111 kwa 154.

Ulipoivuta dizaini nzima, kila kitu kimekua, na jina la bwana harusi limesogelea kisu. Vinavyovuka mstari ni zambarau na maua tu. Maandishi yarudishe ndani, milimita 5 hivi. Hasa namba ya simu ya kutumia mchango! Niliwahi kukata kadi za watu, tarakimu ya mwisho ya namba ya mweka hazina ikaenda na taka. Mpaka leo wakinikuta msibani wananikumbusha.

Kubwa_la_Maneno:
Mnahangaika bure. Weka ukingo mweupe wa milimita 2 kuzunguka kadi, bilidi ya nini?

Mzee_wa_Kisu:
Hapo ndipo utakapoaibika, kijana. Karatasi ikihama nusu milimita, upande mmoja unabaki moja na nusu, wa pili mbili na nusu. Jicho linaona mara moja kwamba kadi imekaa upande. Ukitaka ukingo mweupe, weka mnene.

Dizaina_wa_Usiku:
Dada, kwa Canva usibadilishe vipimo vya ukurasa. Acha A6 yako. Ingia menyu ya faili, kwenye mipangilio, washa bilidi, utaona eneo limeongezeka nje ya ukurasa. Vuta zambarau ilijaze. Ukipakua chagua PDF ya kuchapia, tiki alama za kukatia na bilidi. Ukiandika 111 kwa 154 halafu ukawasha na bilidi, umeongeza mara mbili. Na WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakamuliwa.

Mla_Ubuyu:
Ila Wazungu nao, damu imeingiaje kwenye kadi ya harusi? 😂

Mzee_wa_Kisu:
Rangi inavuja kupita ukingo, ndiyo picha yenyewe. Neno hilohilo wanalitumia pia kwa wino unaotambaa kwenye karatasi mbovu. Ile ni kasoro, hii ni makusudi. Vijana wangu nilikuwa nawaambia "achia rangi", na walielewa.

MamaKadi_Moro:
Nimeachia rangi, nimetuma. Amejibu "safi" peke yake. Dakika mbili baadaye: "Karatasi gramu ngapi?" Mzee, usiondoke.