Mjadala: Mhusika aliyeweka nadhiri ya ufukara alipwe nini na kanuni za mchezo?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mnaocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani, naleta hoja ambayo imeligawa kundi letu la Shangani kwa wiki kadhaa sasa, na ningependa ijadiliwe na watu wengi kuliko sisi watano. Mwenzetu mmoja ameunda mhusika mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara. Mtawa huyo hana upanga, hana hirizi, hana pete wala joho lenye sihiri, na fungu lake la hazina huligawa lote kwa maskini. Je, kanuni zimlipe chochote kwa alivyoviacha? Na kama zimlipe, zimlipe nini?

Kwa asiyeuona ugumu wa jambo hili, naomba nieleze. Katika michezo ya aina hii nguvu za mhusika hutoka katika chemchemi mbili, yaani ngazi aliyofikia na vifaa alivyokusanya. Kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 2003, ambazo ndizo tunazozitumia, zina jedwali linaloonyesha mali ambayo mhusika wa kila ngazi anatazamiwa kuwa nayo: vipande 9,000 vya dhahabu katika ngazi ya 5, vipande 49,000 katika ngazi ya 10, na vipande 760,000 katika ngazi ya 20. Maadui nao wamepimwa kwa kudhani kwamba mali hiyo imekwisha kugeuzwa kuwa silaha na kinga. Kwa hiyo anayekataa mali haachwi maskini tu, bali anaachwa nyuma na hesabu yenyewe, kwa kuwa dadu ya pande 20, inayoamua kama pigo limempata mtu au limemkosa, haitambui nia njema ya mtu.

Kitabu kimoja cha nyongeza cha mwaka huohuo wa 2003 kilijaribu kuliponya jeraha hili. Mwenye nadhiri aliruhusiwa kubaki na nguo za kawaida, silaha sahili kama bakora, na chakula cha siku moja. Badala ya mali alipewa nyongeza ya kinga inayoanzia 4 katika ngazi ya 1 na kupanda hadi 10 katika ngazi za mwisho. Akifika ngazi ya 5 hahitaji tena kula wala kunywa, na vipaji vingine humjia kila baada ya ngazi mbili. Akiivunja nadhiri kwa makusudi, hupoteza vyote bila njia ya kuvirudisha.

Nimeongoza mchezo kwa kanuni hizo na nasema wazi kwamba sikuridhika. Katika ngazi za chini mtawa huwapita wenzake, ambao bado wanahangaika kununua ngao, na katika ngazi za juu anabaki chini akimtazama joka angani, kwa sababu orodha ya vipaji vyake haina cha kumwezesha kuruka. Linaloniuma zaidi ni kwamba anayefaidika kupita wote ni yule mhusika anayejigeuza mnyama, ambaye vifaa vyake vingi hupoteza kazi anapogeuka. Huyo anaacha asichokihitaji, kisha analipwa kana kwamba amejinyima. Nadhiri ya namna hiyo imekuwa mshahara. Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, ulipoileta nadhiri hii upya mwaka 2011, ulielemea upande wa pili: mtawa aliongezewa akiba ya nguvu zake za ndani na karibu hakuna kingine, na kwa maoni yangu malipo hayo hayatoshi kumfikisha mbali.

Nadhani kosa la vitabu vyote viwili ni kumwona mtawa kama mtu aliye peke yake. Nimekulia karibu na Ndanda, ambako watawa Wabenedikto wapo tangu mwaka 1906. Sura ya 33 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamkataza mtawa kumiliki chochote, hata kitabu au kalamu, bila ruhusa ya abate. Lakini ukifika Ndanda unakuta hospitali, shule na karakana. Mtu hana kitu, na nyumba yake ina kitu, na wagonjwa wa wilaya nzima wanajua mlango wa kugonga. Ufukara wa hiari, popote nilipouona, umekuwa na watu wanaoupokea.

Pendekezo langu linafuata hapo. Mtawa apewe mwilini kile tu ambacho hesabu inadai, yaani kinga na uwezo wa kumpiga adui wa ngazi yake. Yote yaliyobaki yaandikwe katika daftari la pembeni kwa jina la mahali palipopokea fungu lake, na msimamizi wa mchezo, yaani anayesimulia kisa na kuwaendesha maadui, awe na wajibu wa kuyarudisha kupitia watu hao. Kundi letu lilipata fursa ya kulijaribu hilo. Mtawa aliwahi kutoa vipande 600 kwa kijiji cha wavuvi tulichokichora kwa kuifuata Msimbati, nao wakanunua mashua mbili. Vikao vingi baadaye, malango ya mji yalipofungwa na sisi tukiwa tunasakwa, mashua hizo ndizo zilizotuvusha usiku. Hakuna hirizi katika kitabu chochote ambayo ingetuvusha watu watano kwa namna ile.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji kutoka Lindi:

Kaka, shikamoo. Hoja yako nimeisoma mara mbili, na mfano wa Ndanda umenigusa, lakini sikubaliani nawe katika mambo mawili. Kwanza, kijiji cha wavuvi hakimfikii joka angani. Mchezaji aliyekaa saa nzima ya pambano bila la kufanya hafarijiwi na daftari. Pili, faida ya mashua mliipata wote watano, ilhali aliyejinyima ni mmoja. Sisi tunatumia kanuni za mchezo huohuo wa Dungeons & Dragons za mwaka 2014, ambazo hazikuingiza vifaa vya sihiri katika hesabu ya nguvu za maadui. Kinga ya mtawa inatokana na wepesi na busara yake, na kuanzia ngazi ya 6 mapigo ya mikono yake huhesabiwa kuwa ya sihiri. Kwa kuwa hakuna alichopunjwa, hakuna cha kumlipa.

Mwenye hoja:

Marahaba, dada. Juu ya joka nakubali kwamba pendekezo langu lina pengo. Hata hivyo, kanuni ya mwaka 2003 inamruhusu mwenye nadhiri kunufaika na sihiri inayotumiwa na mwenzake kwa ajili yake, kwa mfano kunywa dawa aliyopewa na rafiki, na ningependa tuitumie ruhusa hiyo zaidi kuliko tunavyofanya. Mwenye uwezo wa kumrusha angani na amrushe.

Kuhusu kanuni za mwaka 2014 ningependa kukuuliza: ni vifaa vingapi umekwisha kuwapa wengine mezani kwako? Kitabu hakivihesabu, lakini siku unapompa askari upanga wenye sihiri, pengo kati yake na mtawa limefunguka, na umelifungua wewe mwenyewe. Na kwamba mashua ziliwafaa wote watano, hilo kwangu si dosari. Mtu aliyeweka nadhiri ile hakutaka faida iishie kwake.

Mchangiaji kutoka Lindi:

Vifaa vitatu katika ngazi saba, na kweli mtawa wetu ameanza kulalamika. Lakini nisingependa wema wake uwe deni ambalo msimamizi lazima alilipe. Akijua kwamba kila sarafu itarudi, anatofautiana vipi na yule mwenye kujigeuza mnyama uliyemlaumu?

Mwenye hoja:

Swali hilo limenikalia kichwani tangu jana. Jibu ninaloliona kwa sasa ni kwamba daftari lishikwe na msimamizi peke yake, mtawa asilione, na mahali pengine palipopokea pasirudishe kitu kabisa, kwa sababu kuna vijiji vitakavyochomwa moto na kuna watu watakaosahau. Jumamosi tunaingia ngazi ya 9, ambayo jedwali linaipangia vipande 36,000. Nitaligawa fungu lake kwa siri kati ya mahali patatu, nami nitaandika hapa ni papi palipojibu na ni papi palipokaa kimya.