Migongo ya milima ya Uskoti wakati wa theluji: tuanze na upi, tuache upi?

Mgosi_wa_Chumbageni

Shikamooni wakubwa, na wagosi wote habari za siku. Tuko watatu wa hapa Tanga, tutakuwa Glasgow kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Machi. Milima tunayoijua ni Usambara, Meru na Kilimanjaro. Tunataka siku nne au tano za kutembea kwenye migongo ya milima ya Highlands, na pale panapobidi kushika mwamba kwa mikono iwe kwa wepesi tu. Kamba hatuna wala hatujui kuitumia.

Tumeandika hii: Aonach Eagach, Curved Ridge, Carn Mòr Dearg hadi Ben Nevis, na Fiacaill kule Cairngorms. Maelezo ya kiangazi yanasema yote yanapitika bila kamba kwa mtu mzoefu. Ben Nevis yenyewe, ambao ndio mrefu kuliko yote Uingereza, ni mita 1,345 tu. Ugumu uko wapi, na tuanze na upi?

Kusi_na_Kaskazi

Marahaba mgosi. Maelezo ya kiangazi yaweke kando kabisa. Theluji ikishashika, mwamba uleule hupewa daraja jingine la baridi, kuanzia I na kwenda juu, kwa sababu mishiko imefunikwa na barafu na unatembea na meno ya chuma (crampons) yaliyofungwa chini ya buti. Curved Ridge inakuwa II hadi III. Aonach Eagach ni II, na huo ndio wa kuufuta kwanza. Ukishapita kilele cha Am Bodach ukielekea magharibi, hakuna njia salama ya kushuka pembeni mpaka umalize kwenye kilele cha Sgorr nam Fiannaidh. Mkichelewa katikati au upepo ukigeuka, kurudi ni kugumu sawa na kusonga mbele. Hapo hutakiwi kuwa mtu asiyejua kamba.

Mimi mgongo naupima kwa swali moja: tukifika nusu tukashindwa, tunatokea wapi? Kwa swali hilo mwanzo wenu ni Fiacaill a' Choire Chais, Cairngorms. Basi la kutoka Aviemore linawafikisha maegesho ya Coire Cas, ambayo tayari yako kama mita 630. Mgongo ni mpana, unapanda hadi rundo la mawe lililo kwenye mita 1,141, kisha mnaelekea kilele cha Cairn Gorm, mita 1,245. Popote mlipo mnaweza kugeuka na kurudi kwa nyayo zenu.

Angalieni majina yasiwachanganye. Jirani yake kuna Fiacaill ya Coire an t-Sneachda, na hiyo ina sehemu ya mawe ya kushika kwa mikono, daraja I hadi II. Ni nzuri sana, lakini iwe siku ya tatu au ya nne, na msiende peke yenu.

Kuhusu urefu: Kilimanjaro inakunyima pumzi, kule kinachokutoa mlimani ni upepo. Pwani ikiwa nyuzi 5, juu kwenye mita 1,200 tarajia kama 3 chini ya sifuri. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukikupiga hapo, mwili unahisi kama 13 chini ya sifuri. Utabiri wa milimani wa MWIS hutoa upepo kwa maili. Ukiona maili 40 kwa saa vileleni, kutembea tu ni mapambano. Kwenye mgongo mwembamba mimi nageuza mpango hata kwa 30.

Upenu_wa_Makuti

Kusi kasema vizuri, naongeza theluji yenyewe, maana hapo ndipo watu wa pwani tunapotazama bila kuona.

Nenda ufukweni wakati kaskazi inavuma, tazama mchanga nyuma ya ngalawa iliyopandishwa. Upande unaopigwa na upepo umekwanguliwa, upande uliojikinga una lundo. Theluji hufanya hivyohivyo. Uskoti upepo mwingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo theluji inahamishwa na kurundikwa kwenye miteremko ya kaskazini-mashariki. Lundo hilo hugandamana likawa bamba gumu lililolalia tabaka dhaifu. Mguu ukilikata, linaondoka zima. Miteremko ya hatari zaidi ni ya nyuzi 30 hadi 45, yaani ileile inayoonekana ya kupandika vizuri. Ishara za kwanza ni nyufa zinazokimbia kutoka ulipokanyaga, na sauti ya "whum" chini ya miguu. Ukiiona moja, ondoka hapo kwa njia uliyojia.

Juu kabisa ya lundo, ukingo wa theluji hutokeza hewani kama upenu wa makuti uliopita ukuta. Ukiwa juu huoni kwamba chini ni tupu. Na haukatiki pale kwenye ncha, hukatika ndani zaidi, nyuma ya ulipodhani mwamba unaanzia. Kwa hiyo tembeeni mita kadhaa ndani ya ukingo, na ukungu ukiwa mweupe sawa na ardhi msiufuate ukingo kabisa. Juu ya mabonde ya Coire an t-Sneachda na Coire an Lochain, kulekule Cairngorms, kosa hili ni rahisi mno.

Taarifa ya maporomoko ya theluji hutolewa kila siku ya msimu na SAIS, huduma ya Uskoti ya taarifa hizo, kwa maeneo sita: Lochaber, Glencoe, Creag Meagaidh, Torridon, na Cairngorms mbili, ya kaskazini na ya kusini. Ina mchoro wa duara kama dira unaoonyesha miteremko ya upande gani, na kuanzia mita ngapi, ina hatari ya 1 hadi 5. Isomeni jioni kabla ya kuchagua mlima.

Mgosi_wa_Chumbageni

Ahsanteni sana. Je, wakisema 3 tunabaki nyumbani?

Upenu_wa_Makuti

Si lazima. Tatu mara nyingi ni ya pande fulani tu. Ikiwa kaskazini na mashariki juu ya mita 900 ni 3, chagueni mgongo unaopandwa na kushukwa kwa pande za magharibi au kusini. Mgongo wenyewe mara nyingi ni salama kuliko mabonde yake, shida ni kuufikia na kuutoka. Mfano ni Buachaille Etive Mòr, mlima wa Glencoe: watu wanawaza Curved Ridge ya kupandia, kumbe njia ya kawaida ya kushukia ni Coire na Tulaich, bonde linalojaa theluji na lenye historia mbaya ya maporomoko. Kila mara chunguzeni njia ya kushuka kabla ya njia ya kupanda.

BintiPangani

Mdogo wangu, vifaa. Usinunue buti kwanza halafu utafute meno ya kuzifaa. Buti za baridi zina daraja B1, B2, B3, na meno C1, C2, C3. Sheria ni kwamba buti isiwe laini kuliko meno: B1 huvaa C1 tu, B2 huvaa C1 au C2. Kwa mipango yenu B2 na C2 inatosha kila kitu. Buti laini ikipinda, meno huchomoka katikati ya mteremko au chuma hupasuka. Glasgow, Aviemore na Fort William vifaa hivi vinakodishwa, msibebe mzigo kutoka hapa.

Hakikisheni chini ya meno kuna vibao vya mpira vya kuzuia theluji isigande. Theluji yenye majimaji ikishikana chini ya unyayo hujenga donge, meno hayafiki tena chini, na unateleza kama umevaa kandambili kwenye mwani. Donge likianza, gonga pembeni ya buti kwa mpini wa shoka. Meno yavaliwe mahali tambarare kabla barafu haijaanza.

Shoka la barafu liwe la sentimita 50 hadi 60, moja, lenye mpini ulionyooka. Linashikwa mkono wa upande wa mlima, na mkihama upande linahama mkono. Kujizuia ukianguka lazima mfanye mazoezi: mteremko mfupi, chini pawe tambarare bila mawe, siku ya kwanza mvue meno. Kifua kinalalia shoka, ncha inazama karibu na bega, uso unatazama pembeni. Siku halisi ukiwa na meno miguuni, inua miguu juu, maana meno yakinasa yanakupindua kichwa chini.

Glavu jozi tatu kwa kila mtu. Miwani ya theluji, kwani chembe zikipeperushwa macho hayafunguki. Tochi za kichwani na betri za akiba, zikae mfuko wa ndani kwenye joto. Fulana za pamba ziacheni hotelini.

Hapo Glenmore Lodge, karibu na Aviemore, wana mafunzo ya baridi ya siku mbili. Kati ya siku zenu tano, toeni mbili za mwanzo. Nawaomba msilipuuze hili.

Kusi_na_Kaskazi

Sasa Carn Mòr Dearg, maana najua ndiyo mnayoitaka. Daraja I, wembamba wa mawe na theluji unaopinda hadi Ben Nevis. Pigeni hesabu ya muda kabla ya yote. Kutoka maegesho ya Torlundy, karibu na Fort William, mzunguko ni kama kilomita 17 na kupanda mita 1,500. Kanuni ya Naismith: saa moja kila kilomita 5, saa moja kila mita 600 za kupanda. Inatoka karibu saa 6. Kwa theluji ongezeni nusu, zinakuwa 9, na hamjapumzika. Mwanzoni mwa Januari Fort William jua huchomoza kama saa 2:50 asubuhi na kuzama karibu saa 10 jioni. Saa 7 za mwanga hazitoshi safari ya saa 9. Kwa hiyo iwe Machi, na mwanze kutembea kwa tochi.

Kilele cha Ben Nevis kina kingo pande mbili. Kukiwa na ukungu: kutoka kwenye nguzo ya kilele, nyuzi 231 za ramani kwa mita 150, kisha nyuzi 282 kufuata njia ya kushuka. Rekebisheni kwa tofauti ya sumaku ya sasa ya eneo hilo. Mkipitiliza zile 150 mnaelekea korongo la Five Finger Gully, mkikata mapema mnaingia korongo la Gardyloo upande wa kaskazini.

Mita 150 hizo hazikisiwi kwa macho. Hapo Raskazone pimeni mita 100 kwa kamba, hesabuni mguu wa kulia unagusa mara ngapi. Wengi ni 60 hadi 70. Rudieni kwenye mchanga mkavu mkiwa na mzigo mgongoni, mtaona namba inapanda, na hiyo ya mchanga ndiyo iliyo karibu na ya theluji. Kila mmoja aandike yake kwenye plasta nyuma ya dira.