Printa, UPS na NAS zitume arifa kwa njia gani: Gmail, domeni au seva ya ndani?

BintiChake: Assalaam alaykum. Ofisi yetu Chake Chake ina printa ya kuskani, UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) na NAS (sanduku la diski kwenye mtandao) ya nakala za akiba. Nataka zitutumie barua pepe zikipata hitilafu. Nichague Gmail, sanduku la barua la domeni yetu, au seva ndogo hapa hapa ofisini?

Fundi_Mlandege: Waalaykum salaam dada. Gmail ndiyo rahisi: kwenye kifaa weka seva smtp.gmail.com, poti 587, na TLS (usimbaji wa barua njiani). Nenosiri la kawaida Google walishalikataa tangu 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, yaani la kifaa kuingilia badala ya lile la kawaida, lina herufi 16. Domeni nayo inafaa, mradi rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni) iitaje seva inayotuma, la sivyo arifa zitaangukia kwenye barua taka.

MpembaWete: Ila nakuomba, usitumie akaunti ya mkuu wa ofisi! Sisi tulifanya hivyo. Mkuu akabadilisha nenosiri lake, na ukibadilisha tu, Google hufuta manenosiri yote ya programu. Hakuna aliyejua. Diski moja ya NAS ikafa, arifa haikutoka. Tumekuja kushtuka ya pili ilipokufa nayo. Nakala za miaka minne zikenda, na mpaka leo naumia. Fungua akaunti ya vifaa peke yake.

MamaFuoni: Pole sana mdogo wangu. Ndiyo maana mie napendelea seva ya ndani: kompyuta ndogo yenye Postfix, programu ya kupokea na kupeleka barua. Vifaa vyote vinaipa barua, yenyewe ndiyo inayoingia Gmail. Nenosiri likibadilika unarekebisha pahala pamoja. Tena printa kongwe zisizojua TLS 1.2, huduma ya barua ya Microsoft 365 kwa kawaida haizipokei, lakini Postfix yako itazipokea. Ifunge ipokee mtandao wa ofisi tu, wasije watuma taka wakaigeuza njia yao.

BintiChake: Kwa vifaa vitatu kuna haja, dada?

MamaFuoni: Kwa vitatu hapana. Akaunti ya Gmail ya vifaa yatosha. Mkiongeza kamera na printa nyengine, hapo weka seva.

Fundi_Mlandege: Na ruta je, iko kwenye UPS? Umeme ukikatika ruta ikazima, hiyo arifa itapita wapi? Chomoa UPS ukutani, ungoje barua kwenye simu.

BintiChake: Nimefungua akaunti, nimechomoa. Kimya. Ruta ilikuwa soketi ya ukutani. Nimeihamishia kwenye UPS, nikachomoa tena: barua imefika. Ahsanteni.