Bagamoyo au Tanga: siku nne, mtu mmoja, uende wapi?

BintiSafari
Wakuu salaam. Mwezi ujao nina likizo ya siku nne na nataka kukaa mji mmoja tu. Mwezi uliopita nilipita Bagamoyo siku mbili, kisha Tanga siku mbili, peke yangu, na kote ilikuwa mara ya kwanza. Naeleza nilivyoona, wenyeji mnisahihishe.

Bagamoyo, kabla sijatoka stendi, vijana watatu walishaniuliza kama nahitaji wa kunitembeza. Niliyemchukua anaijua kazi yake. Pale misheni ya Wakatoliki alinionyesha mbuyu ulioumeza mnyororo: umebaki ncha tu nje ya gome, nikaishika kwa vidole viwili, ina kutu na baridi. Akanipeleka kwenye mnara wa kanisa la zamani ulikolazwa mwili wa Livingstone, yule msafiri Mskoti, Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Zambia ya leo. Kila ukuta una maelezo, na mengi ni ya utumwa na pembe za ndovu. Jioni nilikuwa nimechoka moyo. Na siku zote mbili sikumbuki kukaa mahali bila mtu kunieleza kitu.

Tanga hakuna aliyenisubiri. Kutoka stendi ya Kange nilichukua bajaji hadi Ngamiani, nikapotea kwenye zile barabara za namba. Nikamwuliza njia mama mmoja aliyekuwa anakaanga bajia barazani kwake. Badala ya kunielekeza akanisogezea kigoda: "Keti kwanza mwanangu, jua kali." Nilikaa saa nzima natazama baiskeli zinapita. Hakuniuliza nimekuja kuona nini. Aliniuliza mimi ni binti wa nani.

Naegemea Tanga, ila nahisi naionea Bagamoyo.

MtotoWaDunda
Unaionea kweli dada. Umekaa misheni na Mji Mkongwe, basi. Hujafika ufukweni asubuhi mashua zinaporudi, samaki wanamwagwa mchangani na mnada unaanza hapo hapo. Pale hakuna atakayekuhadithia, wote wako kazini. Halafu nenda kwenye magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini. Msikiti wake ni wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo yapo, mikoko iko karibu. Nenda mapema, hutakuta makundi.

Hao vijana wanatafuta riziki. Mwambie kwa upole, "Ahsante kaka, leo natembea mwenyewe," atakuacha. Na jioni pita karibu na TaSUBa, kile chuo cha sanaa. Wanafunzi wakiwa mazoezini utasikia ngoma kabla hujafika getini.

MwenyeBaiskeli
Karibu tena Tanga. Ila nina neno. Umesema Bagamoyo ilikuchosha moyo kwa historia yake. Tanga nako huzuni ipo, tofauti ni kwamba hakuna aliyekutembeza. Mkonge uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na mashamba yale yalikuja kujaa manamba, vibarua waliotolewa mbali kwa mikataba, wengine hawakurudi makwao. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Novemba 1914, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliteremsha hapa askari kutoka India, wakapigwa na Wajerumani, na wazee wetu wanawataja nyuki waliowavamia kabla ya kutaja bunduki. Ukikaa tena kwa mama wa bajia, mwulize kwao ni wapi. Utasikia mengi.

Kwa kutembea, kodi baiskeli ushike njia ya Pangani. Simama Machui kwenye kaburi la Shaaban Robert, kisha endelea hadi magofu ya Tongoni. Mapango ya Amboni ni upande wa pili, kaskazini. Mle mapangoni usiingie bila mwongozaji, giza lake si la kutania.

MamaWawili
Mdogo wangu, hesabu njia. Bagamoyo unatoka Dar asubuhi, mchana uko ufukweni. Tanga ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Chalinze na Segera, kwa hiyo siku nne zako zinabaki mbili na kitu. Nimekwenda kote peke yangu. Beba kanga, fika mchana, chumba ukitazame mlango na kitasa kabla ya kulipa. Tanga nilikuwa naogelea Raskazone, kumetulia. Ufukweni Bagamoyo, ikishaingia magharibi, sikai peke yangu.

BintiSafari
Ahsanteni sana. MwenyeBaiskeli, hilo la manamba sikulifikiria kabisa. Nilipita katikati ya mkonge kwenye basi nikapiga picha tu, mistari ilinipendeza. Naenda Tanga, hata kama ni siku mbili na kitu. Kaole nitaifuata Jumamosi moja nikitokea Dar, niwahi na mnada wa samaki. Baiskeli nazipata wapi?

MwenyeBaiskeli
Ngamiani uliza fundi baiskeli yeyote, atakupa au atakupeleka kwa mwenzake. Jaribu breki zote mbili kabla hujatoa hela, na toka alfajiri. Njia ya Pangani saa sita mchana kivuli ni cha kutafuta.