Naomba ushauri: vipimo vya ini viko sawa, lakini ana homa ya ini B

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa vipimo vya ini.

Mdogo wangu wa kiume, miaka 29, alijitolea damu mwezi wa pili. Akapigiwa simu arudi, akaambiwa ana virusi vya homa ya ini B. Haumwi popote, macho hayana manjano, pombe hanywi. Wiki iliyopita, miezi saba baadaye, tumerudia kipimo cha HBsAg (kinachoonyesha kama virusi hivyo vimo mwilini) na bado ni chanya. Utendaji wa ini: ALT 34 na AST 29 (vimeng'enya vya ini), bilirubini na albumini, vyote kawaida. Daktari akasema dawa bado, arudi baada ya miezi sita. Foleni ilikuwa ndefu, hatukupata nafasi ya kuuliza.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba ALT hupanda seli za ini zinapoumia, kwa hiyo inaweza kuwa ya kawaida huku virusi vimo. Mama anamsisitiza anywe mitishamba ya kusafisha ini. Nimemkatalia kwa heshima, maana baadhi yake huliumiza hilo hilo ini. Mkewe kapima, hana, na amebakiza dozi moja ya chanjo kati ya tatu.

Je, kabla ya kuambiwa asubiri, hakupaswa kupimwa pia wingi wa virusi kwenye damu na ultrasaundi ya ini? Na kwa mliopitia hili, kipimo cha wingi wa virusi mlilipia wenyewe au bima ilikubali?