Kununua postiprosesa, kurekebisha ya bure, au kuhamia CAM nyingine: ipi itaniondolea tatizo la ofseti?

Chuma Laini (mleta mada)

Salamu kwenu, wanajukwaa. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha. Nina mashine ya CNC ya milingi, yaani ya kukatia chuma inayoongozwa na kompyuta, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika, na juu ya meza yake nimefunga majiliwa mawili (vibano vya kushikia kazi) ili nitengeneze vipande viwili kwa mkupuo mmoja. Kipande cha kwanza hutoka vizuri, lakini zamu ya kipande cha pili inapofika, kikatio hurudi kwenye jiliwa la kwanza na kukata hewa mahali ambapo kazi imekwisha kufanyika. Nimeshawishika kwamba kosa ni la postiprosesa, ile inayogeuza hesabu za CAM (programu ya kupangia njia za kikatio) kuwa kodi za mashine. Mbele yangu kuna njia tatu: kununua postiprosesa itakayoandikwa mahususi kwa mashine yangu, kurekebisha mwenyewe ile ya bure niliyonayo, au kuhamia programu nyingine ya CAM ambayo muuzaji wake anaahidi kuwa kila kitu kitakuja kikiwa tayari. Mwenye postiprosesa anataka jibu kabla ya wiki kwisha. Ninyi mngechagua ipi?

Bi. Mikroni

Ndugu mleta mada, tukushauri nini iwapo hujatuambia kidhibiti, yaani kompyuta ya mashine, ni cha aina gani, unatumia programu ipi ya CAM, mashine ina mihimili (njia za mwendo) mingapi, na sifuri ya kila kipande umeiweka wapi? Tafadhali bandika mistari ya mwanzo ya programu ya kipande cha kwanza na ya kipande cha pili, kisha utuandikie tarakimu zote zilizomo katika ukurasa wa ofseti za kazi, yaani tarakimu zinazoiambia mashine sifuri ya kila kipande iko wapi. Usiusahau mstari wa juu kabisa, ule wa 00 unaoitwa EXT, kwa sababu tarakimu yoyote iliyoachwa pale huongezwa kimyakimya katika ofseti zote sita, G54 hadi G59.

Nukta Desimali

Mimi ningenunua bila kusita. Postiprosesa nzuri inajua mambo ya mashine ambayo mtumiaji hayafikirii hata siku moja. Chukueni nukta ya desimali peke yake: katika vidhibiti vingi vya Fanuc, kutegemea parameta (mpangilio wa ndani wa kidhibiti) ilivyowekwa, X100 isiyo na nukta husomwa kuwa vipimo 100 vidogo kabisa vya mashine, yaani milimita 0.1, ilhali X100. yenye nukta ni milimita 100 kamili. Mwandishi wa postiprosesa anayeijua kazi yake huuliza jambo hilo kabla ya kuandika chochote. Anayejifunza kwa kubahatisha huligundua kikatio kikiwa tayari kimevunjika.

Fundi Mstaafu

Nukta, mambo hayo unayoyataja yamo tayari katika postiprosesa nyingi za bure, na ndiyo maana napinga kumtisha mwenzetu. Programu ya CAM haiandiki kodi za G hata moja. Yenyewe hukokotoa mahali ambapo ncha ya kikatio itapita, mwendo wake na kasi ya spindo, sehemu inayozungusha kikatio, kisha postiprosesa huchukua hesabu hizo na kuzitafsiri kwa lugha ya kidhibiti husika. Ni mkalimani tu. Katika Fusion, mojawapo ya programu za CAM, mkalimani huyo ni faili la maandishi lenye kiambishi .cps, lililoandikwa kwa JavaScript, na katika FreeCAD ni faili la Python. Mtu mwenye subira hutunza nakala ya asili, hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, hutoa programu ileile kwa faili la zamani na kwa lile jipya, kisha hulinganisha mstari kwa mstari. Nimefanya hivyo miaka mingi bila kumlipa mtu.

Chuma Laini (mleta mada)

Nashukuru, na naomba radhi kwa kuruka mambo ya msingi. Kidhibiti ni Fanuc, mihimili ni mitatu, na CAM ninayotumia ni Fusion pamoja na postiprosesa ya Fanuc inayopatikana bure. Sifuri ya kila kipande iko juu ya kipande chenyewe, kwenye kona ya nyuma kushoto. Mwanzo wa programu ni huu:

G90 G94 G17 G49 G40 G80
G21
G28 G91 Z0.
G90
T1 M6
S4500 M3
G54
G0 X32.5 Y-18.
G43 Z15. H1

Sehemu ya kipande cha pili nayo inaanza kwa G54, kisha inafuata X na Y zilezile. Mstari wa EXT una sifuri tupu.

Bi. Mikroni

Basi jibu la swali la kwanza tunalo. Mashine imetii kama ilivyoagizwa, na postiprosesa nayo imetafsiri ilichopewa. Katika Fusion kila setapu, yaani mpangilio wa kazi ya kipande, ina nafasi ya namba ya ofseti, na mtu asipoigusa hubaki 0. Postiprosesa ikikuta 0 huandika G54 na kutoa onyo kwamba ofseti haikutajwa. Onyo hilo watu wengi hulifunga bila kulisoma. Fungua setapu ya kipande cha kwanza uandike 1, na ya kipande cha pili uandike 2, kisha toa programu upya, nawe utaiona G55 mahali pake. Lakini usibonyeze kitufe cha kuanza mpaka uhakikishe kwamba G55 yenyewe imejazwa katika kidhibiti, kwa kuwa jina sahihi lenye tarakimu za zamani ni hatari kuliko jina lililokosewa.

Mkerezaji Pekee

Kabla hujatuma fedha popote, nisimulie yaliyonipata, ingawa ni marefu kidogo. Nilinunua postiprosesa iliyoandikwa kwa ajili ya mashine yangu, na mwandishi wake simtaji kwa sababu hayo yamekwisha. Faili lilikuja likiwa limefungwa, yaani sikuweza kulisoma ndani. Vipande vya majaribio vilikuwa mabati membamba, sifuri ya Z ikiwa juu ya bati. Nilikuwa naona alama ndogo kila kikatio kilipomaliza kazi, kama mtu aliyegusa kwa ukucha, nikadhani ni ubutu wa ncha. Wiki kadhaa baadaye nilifunga bonge la alumini lenye urefu wa milimita 60, na safari hiyo sifuri ya Z niliiweka chini ya bonge, pale lilipokalia. Kikatio cha kwanza kilimaliza kuchonga mfuko (shimo lisilotoboka) wake bila tatizo, kikapanda juu hadi umbali wa usalama, kisha badala ya kuendelea kupanda kwenda kubadilishwa, kikashuka kwa mwendo wa kasi moja kwa moja ndani ya chuma. Kikatio kilivunjika, na spindo ikaanza kutoa sauti ambayo haijaisha hadi leo.

Nilikaa na kitabu cha kidhibiti usiku mzima. Mwandishi alikuwa ameandika G90 G28 Z0. mwishoni mwa kila kikatio. G28, kodi ya kurudi nyumbani (mahali pa marejeo pa mashine), haiendi huko moja kwa moja. Hupitia kwanza nukta ya kati iliyotajwa katika mstari huo, ndipo ipande. Ikiwa hali ni G91, ya kuhesabu kutoka ulipo, Z0. humaanisha usisogee popote, nenda nyumbani kuanzia hapo ulipo. Ikiwa ni G90, ya kuhesabu kutoka sifuri ya kazi, Z0. humaanisha pitia kwanza sifuri ya kazi. Sifuri yangu ilikuwa chini ya bonge, na mashine ikatii. Zile alama za ukucha juu ya mabati zilikuwa ni kosa hilohilo likinibishia hodi. Nilipomwandikia mwandishi, alijibu kwamba marekebisho yataingia katika toleo lijalo, nami sikuwa na namna ya kufungua faili nibadilishe herufi mbili.

Nukta Desimali

Pole sana, Mkerezaji, lakini kwa heshima zote, kosa hilo lingeonekana kwa kusoma mistari ya mwisho ya kikatio cha kwanza katika programu au kwa kuendesha mashine hewani, mstari mmoja mmoja. Kisa chako kinafundisha kununua faili lililo wazi. Hakimzuii mtu kununua. Isitoshe, mwandishi makini hatumii G28 siku hizi. Huandika G53 G0 Z0. na mambo yakaisha, kwa kuwa G53 husoma kuratibu za mashine yenyewe na haina nukta ya kati.

Mkerezaji Pekee

Siku nzima ya majaribio ya hewani niliifanya, ila niliifanya kwa bati. Na hiyo G53 unayoisifu, katika Fanuc hupuuzwa ikikutwa katika hali ya G91. Mtu akisahau kurudisha G90, kikatio hakipandi, na mstari unaofuata wa kwenda pembeni unakikuta bado kiko chini. Kila kodi ina mlango wake wa nyuma.

Fundi Mstaafu

Nyote wawili mna haki, na ndiyo maana nasema mtu aisome postiprosesa yake, awe ameinunua au ameipata bure. Mstari wa mleta mada, G28 G91 Z0., uko salama, na baada yake kuna G90. Tusimpeleke mbali na jiliwa lake.

Chuma Laini (mleta mada)

Nimerudi. Nimeandika 1 na 2 katika setapu, na G55 imetokea kama Bi. Mikroni alivyosema. X na Y za jiliwa la pili nimezipima kwa kipima-ukingo na zinakubali. Sasa kuna jambo jingine. Nilipoendesha mstari mmoja mmoja, mashine ilisimama baada ya G43 Z15. H1, mstari unaohesabu urefu wa kikatio, na skrini ikaonyesha Z ni 15, lakini pengo kati ya ncha ya kikatio na kipande cha pili halikuzidi milimita 3. Nilibonyeza kitufe cha dharura. Je, hili nalo si la postiprosesa?

Fundi Mstaafu

Umefanya vyema kusimama. Niambie mambo mawili: urefu wa vikatio umeupima vipi, na je, kipande cha pili kiko juu kuliko cha kwanza?

Sifuri Ndogo

Mimi huepuka shida zote hizi kwa G92, kodi ya kupaita sifuri mahali kikatio kilipo. Ninashusha kikatio hadi juu ya kipande, naandika G92 Z0., kazi inaanza. Sijawahi kujaza ukurasa wa ofseti.

Bi. Mikroni

Ndugu Sifuri Ndogo, kwa kipande kimoja na kikatio kimoja huenda ukapona, ila mwenzetu ana majiliwa mawili. G92 haisogezi G54 peke yake, husogeza mifumo yote sita kwa pamoja, kwa hiyo akiitumia kwenye jiliwa la pili, atakaporudi la kwanza atakuta sifuri imehama. Tena tabia yake hutofautiana kati ya kidhibiti na kidhibiti: katika Grbl hufutika mashine ikizimwa, lakini LinuxCNC kwa kawaida huihifadhi na kuirudisha kesho yake, hadi mtu aifute kwa G92.1.

Sifuri Ndogo

Yangu ni ya Grbl, ndiyo sababu sijawahi kuliona hilo. Hata hivyo naona mnakuza jambo.

Chuma Laini (mleta mada)

Mzee Fundi, vikatio vyote nilivigusisha juu ya kipande cha kwanza, tarakimu ya mashine nikaiandika kuwa H (ofseti ya urefu wa kikatio), kwa mfano H1 ni -312.4. Z ya G54 ni sifuri, na Z ya G55 niliiacha sifuri vilevile. Jiliwa la pili lina vipande vya kunyanyulia vilivyo virefu zaidi kwa milimita 12. Sikudhani kwamba ni jambo la kutaja.

Fundi Mstaafu

15 kutoa 12 ni 3. Pengo ulilolipima kwa macho ndilo hilo. H zako zimebeba kimo cha kipande cha kwanza, kwa hiyo Z ya G55 lazima ibebe tofauti, nayo ni 12. Ukitaka amani ya kudumu, pima urefu wa vikatio kutoka uso wa spindo, kisha kila ofseti ya kazi ijipatie Z yake. Hapo kubadilisha jiliwa hakutagusa H hata moja.

Nukta Desimali

Siikubali amani hiyo kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia urefu nje ya mashine. Kugusisha juu ya kipande ni haraka, na kwa vikatio vinne au vitano hakuna hasara.

Bi. Mikroni

Haraka ni siku ya kwanza, Nukta. Kikatio kikivunjika katikati ya kazi na juu ya kipande kumekwisha kukatwa, utakigusisha wapi kile kipya?

Chuma Laini (mleta mada)

Nimeandika 12, nikaendesha hewani, na pengo sasa ni 15. Kesho nitakata. Ila sijamjibu muuzaji wa postiprosesa, kwa sababu kuna jambo ambalo sikulisema: nimeagiza meza ya kuzungusha, mhimili wa nne, na sijui kama postiprosesa ya bure itauendesha.

Mkerezaji Pekee

Hilo ulipaswa kulisema katika ujumbe wa kwanza, kwani linabadilisha swali zima. Muulize muuzaji kama faili litakuja wazi, na kama Z itaondolewa juu kabisa kabla A, yaani mhimili huo wa nne, haijazunguka.

Fundi Mstaafu

Usimjibu kwanza. Postiprosesa za Fusion huwa na sehemu ya kuutaja mhimili wa nne ndani ya faili lenyewe. Tuandikie kama meza itakaa sambamba na X au na Y, na kidhibiti chako kinahesabu nyuzi hadi 360 kisha kinaanza upya, au kinaendelea kuhesabu.

Nukta Desimali

Na kama parameta za mhimili wa nne zimefunguliwa katika kidhibiti hicho. Zikiwa zimefungwa, hata postiprosesa ya dhahabu haitazungusha kitu.